Mara Tatu ya Nini?

Hoja yenyewe mmeisikia. Mwaka 2011 shirika la hisani la Uingereza lililoitwa Beating Bowel Cancer lilitoa takwimu za vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa kila halmashauri, na BBC ikazitangaza: kati ya eneo moja na jingine vifo vinapishana zaidi ya mara tatu. Rossendale, katika Lancashire, vifo 9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Jiji la Glasgow, 31. Wastani wa nchi nzima, 17.6. Tarakimu hizo tatu zimebebeshwa mzigo mzito tangu hapo. Tumeambiwa kwamba mahali anapoishi mgonjwa ndipo panapoamua kama atapona, kwamba maeneo ya mkiani yamezembea, kwamba watu wakijitokeza kupimwa pengo litazibika. Na hoja ilipovuka bahari ikageuzwa: kwamba huku kwetu Afrika Mashariki, ambako wagonjwa ni wachache, hatuna la kuhofia.

Tarakimu sizipingi. Ninachopinga ni namna zinavyotumikishwa. Nitachukua dai moja baada ya jingine, nitalieleza jinsi mwenye nalo angelieleza mwenyewe, kisha nitalipima. Hukumu nawaachia ninyi wasomaji.

Dai la kwanza: pengo la mara tatu ni kubwa mno kuwa nasibu. Anayelitoa anasema kwamba tofauti ya asilimia 5 au 10 angeipuuza, lakini 9 na 31 hazipishani hivihivi. Lazima pawepo aliyefanya kazi na aliyelala. Inasikika kama busara, mpaka mtu afanye hesabu. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 63, na kila mwaka takriban 16,000 walikufa kwa ugonjwa huu. Sensa ya 2011 iliikuta Rossendale na watu 67,982. Kama Rossendale ingefanana na Uingereza nzima kwa kila hali, ingetarajiwa kuzika watu 17 kwa mwaka. Lakini vifo haviji kwa mpangilio. Mgonjwa mmoja hufa Desemba, mwenzake mwenye ugonjwa uleule na daktari yuleyule huvuka hadi Januari na kuhesabiwa mwaka mwingine. Kwa matukio machache kama haya wanatakwimu wana kanuni fupi: kiasi cha kuyumba kwa kawaida ni kipeuo cha pili cha idadi inayotarajiwa. Kipeuo cha pili cha 17 ni kama 4, na karibu miaka yote hukaa ndani ya mara mbili ya kiasi hicho kila upande. Maana yake ni kwamba katika miaka 100, karibu miaka 95 mji huo utapata vifo kati ya 9 na 25. Gawanya 25 kwa 9. Jibu linakaribia mara tatu, ndani ya mji mmoja, bila daktari hata mmoja kuhamishwa.

Hapo nimechukua mji mmoja tu. Takwimu za 2011 zilihusu halmashauri zipatazo 380, nyingi zikiwa ndogo. Atakayechagua ya juu kabisa na ya chini kabisa kati ya 380, kisha akashangaa kwamba zimepishana sana, anashangazwa na uchaguzi wake mwenyewe. Watanzania wana mfano wa karibu. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilipopanga shule kwa ubora wa matokeo, lilitenganisha zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 na zaidi, kwa sababu shule ya watahiniwa kumi na watano hupanda kileleni au kuporomoka kwa wanafunzi wawili watatu tu. Marekani nako imeonekana kwamba wilaya zenye viwango vya chini kabisa vya vifo vya saratani ya figo ni zile ndogo za mashambani. Kabla hujazisifu kwa hewa safi, tazama zenye viwango vya juu kabisa: nazo ni ndogo, nazo ni za mashambani.

Njia ya kutenganisha nasibu na ukweli ilikuwapo kabla ya taarifa ile ya 2011. Mwanatakwimu David Spiegelhalter alikuwa ameieleza katika makala ya kitaalamu ya mwaka 2005: chora viwango vyote kwenye mchoro mmoja, halmashauri ndogo upande huu, kubwa upande ule, kisha weka mipaka ya kuyumba kunakotarajiwa. Mipaka hiyo huwa mipana kwa ndogo na myembamba kwa kubwa, ndiyo maana mchoro huitwa faneli. Takwimu hizohizo zilipochorwa hivyo, na mwandishi Ben Goldacre akazieleza katika gazeti la The Guardian Oktoba 2011, halmashauri karibu zote ziliingia ndani ya faneli. Rossendale, shujaa wa hadithi, ilikuwa ndani. Iliyobaki nje waziwazi ni Glasgow.

Dai la pili ni la wale wanaojua kidogo zaidi: viwango hivi vimesawazishwa kwa umri, kwa hiyo ulinganisho ni wa haki. Ni kweli vimesawazishwa, na ilipasa iwe hivyo. Saratani hii huwapata zaidi wazee, na mji wa wastaafu haustahili kulaumiwa kwa kuwa na wastaafu. Lakini kusawazisha umri huondoa umri peke yake. Hakuondoi nasibu, wala sigara, pombe, unene, nyama za kusindikwa au umaskini. Kwa makadirio ya shirika la Cancer Research UK, asilimia 54 ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana nchini Uingereza wanatokana na mambo yanayoweza kuepukika, na mambo hayo hayajagawanywa sawa kati ya mtaa na mtaa. Asemaye "tumesawazisha" aulizwe amesawazisha nini. Akijibu "umri", ashukuriwe kwa hilo moja, kisha aulizwe yaliyobaki.

Dai la tatu: Glasgow haiwezi kuwa nasibu, kwa hiyo ni kosa la hospitali. Nusu ya kwanza naikubali bila kinyongo. Glasgow ilikuwa na watu 593,245. Kwa kipimo kilekile cha nchi nzima ilitarajiwa kupata vifo kama 150, na kuyumba kwake kwa kawaida ni kama 12. Kwa mara mbili ya kiasi hicho, mji mkubwa namna hiyo hupanda au kushuka kwa asilimia 16 hivi tu katika mwaka wa kawaida. Kiwango chake kilichotangazwa kilizidi wastani kwa asilimia 76. Hapo nasibu haina la kusema. Tazameni lakini neno "kwa hiyo" linavyorukishwa juu ya shimo. Ili mtu afe kwa saratani ni lazima kwanza aipate. Kiwango cha vifo cha eneo lolote ni zao la mambo mawili: wangapi wameugua, na kati yao wangapi hawakupona. La kwanza linahusu maisha ya watu kwa miaka ishirini, thelathini kabla hawajakanyaga hospitali. La pili ndilo lenye daktari ndani yake. Anayeonyesha vifo pekee na kuhukumu hospitali amesoma jibu la kuzidisha na kudai anajua tarakimu zote mbili zilizozidishwa.

Na Glasgow si mji unaojulikana kwa vifo vya utumbo pekee. Kwa muda mrefu watafiti wa afya ya jamii wamekuwa wakiujadili kwa vifo vya mapema vya sababu nyingi: moyo, mapafu, pombe, dawa za kulevya, kujiua. Kama kosa ni la wapasuaji wa utumbo, basi wapasuaji hao wana mkono mrefu ajabu. Mwenye dai anajikanyaga upande wa pili pia. Rossendale ingekuwa bora kwa sababu ya hospitali, tungetaka kwenda kujifunza huko. Lakini wagonjwa wa Rossendale hutibiwa katika hospitali za miji jirani ya Lancashire, zinazohudumia halmashauri nyingine vilevile. Na kwa kuwa Rossendale ndiyo iliyoshika nafasi ya chini kabisa kwa vifo, halmashauri hizo nyingine zilikuwa juu yake. Hospitali zilezile zimekuwa bora kwa jirani mmoja na pungufu kwa jirani mwingine. Mantiki haiwezi kuyabeba yote mawili.

Dai la nne lina nguvu kuliko yote yaliyotangulia: tofauti inatokana na uchunguzi wa mapema, kwamba wanaoitikia wito wa kupima choo wanapona na wasioitikia wanakufa. Msingi wake ni imara. Nchini Uingereza, mgonjwa aliyegundulika katika hatua ya kwanza ana nafasi ya zaidi ya asilimia 90 ya kuwa hai baada ya miaka mitano; wa hatua ya nne, karibu asilimia 10. Majaribio makubwa ya kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, yalipojumlishwa, yalionyesha kwamba kuwaalika watu wapimwe hupunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 16, na kwa wale waliojitokeza kweli, karibu asilimia 25. Yeyote anayeletewa wito huo aupokee, sina ubishi.

Ubishi wangu ni wa hesabu. Utafiti wa England uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika maeneo maskini zaidi walioitikia walikuwa asilimia 35, na katika yenye nafuu zaidi asilimia 61. Tuwape wenye dai kila kitu: tuseme kila aliyepima amepunguziwa hatari kwa robo nzima, na faida yote imeshakomaa. Eneo la asilimia 35 litakuwa limepunguza vifo kwa karibu asilimia 9, la asilimia 61 kwa karibu asilimia 15. Mahali palipotarajiwa vifo 100, hapa watakufa 91 na pale 85. Hilo ni pengo la asilimia 7. Lina thamani, maana ni uhai wa watu. Lakini tuliahidiwa maelezo ya mara tatu, na tumepewa asilimia 7. Halafu kuna jambo ambalo wenye dai hulipita kimya: England ilianza mpango wake mwaka 2006 kwa kuwaita watu wa miaka 60 hadi 69, Scotland ilianza mwaka 2007 kwa kuwaita wa miaka 50 hadi 74. Nchi iliyowaita watu wa umri mpana zaidi ndiyo yenye Glasgow. Mpango ulikuwa mchanga mno kubadili vifo vya wakati huo, watasema. Kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo haukuweza kuvieleza.

Dai la tano hutolewa na wale waliokwisha kuelewa la tatu, nalo ndilo linalohitaji uangalifu zaidi. Wanasema: sawa, vifo peke yake havitoshi, basi tugawanye vifo kwa wagonjwa wapya wa kila eneo, na uwiano huo ndio utakaotuonyesha ubora wa tiba. Ni hatua mbele, nakiri. Uingereza ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 40,000 kwa vifo 16,000, yaani uwiano wa asilimia 40. Kama uwezo wa kupona ungekuwa sawa kila mahali, halmashauri yenye wagonjwa mara mbili ingekuwa na vifo mara mbili, na umbali wa kila moja kutoka kwenye uwiano huo ungetueleza jambo fulani. Lakini ungetueleza nini?

Kwanza, ungetueleza nasibu tena, maradufu. Mji wa ukubwa wa Rossendale unatarajiwa kupata wagonjwa wapya 43 na vifo 17. Namba zote mbili zinayumba, na ukigawanya kinachoyumba kwa kinachoyumba hupati kilichotulia. Pili, wanaokufa mwaka huu wengi wao hawamo katika wagonjwa wapya wa mwaka huu. Waligundulika mwaka jana, mwaka juzi, au kabla ya hapo. Tatu, na hapa ndipo uwiano unapojisaliti, idadi ya wagonjwa wapya hutegemea bidii ya kuwatafuta. Korea Kusini ilipoeneza upimaji wa tezi ya shingo, wagonjwa wapya wa saratani ya tezi waliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011. Vifo havikubadilika. Kwa uwiano wa vifo kwa wagonjwa, tiba ya Korea ingeonekana imefanya miujiza. Kilichokuwa kimeongezeka ni majina kwenye daftari.

Utumbo mpana unaupotosha uwiano kwa namna ya ajabu zaidi. Tuseme wilaya ina wagonjwa 100 na vifo 40 kwa mwaka. Uchunguzi unaanza, na mwaka wa kwanza unawaibua wengine 25 ambao ugonjwa wao ungejitokeza baadaye. Wagonjwa 125, vifo bado 40. Uwiano umeshuka hadi asilimia 32, na wilaya inapongezwa kabla haijaokoa mtu. Miaka inapita. Kamera ya utumbo inaondoa vivimbe vidogo kabla havijawa saratani, na wagonjwa wapya wanashuka hadi 70, vifo hadi 35. Watu watano zaidi wanabaki hai kila mwaka, na thelathini wameepushwa na ugonjwa wenyewe. Uwiano? Asilimia 50. Kipimo kimeisifu wilaya ilipokuwa haijafanya kitu na kuilaani ilipofanikiwa. Sisemi kitupwe. Nasema anayekileta mbele yenu kama hukumu ya hospitali, bila kueleza nani anapimwa na tangu lini, bado hajathibitisha kosa la hospitali yoyote.

Dai la sita ni letu wenyewe. Linasema kwamba ugonjwa huu ni wa nchi tajiri, kwa hiyo kwetu si kipaumbele. Lina historia ya heshima: Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alishangazwa na uhaba wa ugonjwa huu kwa wagonjwa wake wa Kiafrika, na mwaka 1971 akaandika kuuhusisha uhaba huo na vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Uhaba aliouona ulikuwa wa kweli, na hata leo makadirio ya Afrika Mashariki ni chini ya wagonjwa wapya 10 kwa kila watu 100,000 baada ya kusawazisha umri, kiwango ambacho nchi nyingi za Ulaya hukizidi mara tatu na zaidi. Lakini dai linaishia kwenye wagonjwa na kusahau vifo. Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya milioni 1.93 na vifo 904,000, chini ya nusu. Kwetu vifo ni zaidi ya nusu ya wagonjwa. Pamoja na kasoro za uwiano huo nilizozitaja, uhaba wa ugonjwa haumpunguzii hatari aliyekwisha kuupata. Na hata namba ya wagonjwa wetu ni ya waliofikishwa mahali penye kamera, maabara na rejista. Aliyefia kijijini kwa "tumbo la muda mrefu" hamo katika hesabu yoyote. Takwimu ndogo inayotokana na kutotafuta haiwezi kutumika kama sababu ya kutotafuta.

Dai hilo lina mdogo wake, linalovuma upande wa pili: kwamba saratani hii Afrika imechagua vijana, maana wodini wagonjwa wengi wana chini ya miaka hamsini. Nusu ya Watanzania wana umri wa miaka kumi na nane hivi au chini yake. Kwa Waingereza mstari huo wa nusu upo karibu na miaka 40. Nchi iliyojaa vijana itakuwa na vijana wengi katika kila foleni, ya harusi na ya hospitali. Kinachotakiwa ni kiwango kwa kila kundi la umri. Fungu la vijana kati ya waliolazwa halijibu swali hilo. Cha kuchekesha ni kwamba wanaotoa dai hili na wanaotoa lile la "si ugonjwa wetu" mara nyingine ni watu walewale.

Dai la mwisho hutolewa mengine yanapokwisha: hata kama orodha ina kasoro, inawaamsha viongozi, kwa hiyo ina faida. Tuijaribu hapa kwetu. Kaunti ya Lamu, kwa sensa ya Kenya ya 2019, ina watu 143,920, Nairobi 4,397,073. Tuseme ugonjwa wowote unaua watu 5 kwa kila 100,000 kote, sawasawa kabisa. Lamu itatarajia vifo 7, na kwa kawaida itayumba kati ya 2 na 12. Nairobi itatarajia 220, na itayumba kwa 30 tu. Mwaka mmoja Lamu itakuwa ya kwanza kwa ubora, mwaka mwingine ya mwisho, na Nairobi itabaki katikati daima. Mwaka wa aibu waziri atamfukuza mganga mkuu. Mwaka unaofuata namba zitarudi karibu na wastani, kama zinavyorudi bila kusukumwa, na mganga mpya atapewa nishani. Kiongozi aliyeamshwa na orodha hiyo ameamka na kuelekea upande usio wake. Na wilaya kubwa yenye tatizo la kweli lakini nafasi ya katikati itaachwa ilale.

Kwa hiyo atakayekuja na ramani ya vifo adaiwe mambo matatu kabla ya kulaumu au kusifu yeyote: vifo vyenyewe kwa idadi na ukubwa wa kila eneo, ili nasibu ipimwe; wagonjwa wapya, pamoja na maelezo ya namna wanavyotafutwa; na hatua ya ugonjwa walipogundulika. La kwanza lingetosha kuwanyamazisha wengi mwaka 2011. La pili lingeonyesha kama tatizo liko mezani na kwenye sigara au liko wodini. La tatu lingeonyesha kama wagonjwa wanachelewa kufika. Kila jibu lina dawa yake na bajeti yake, na dawa ya moja haitibu jingine. Pengo la Glasgow ni la kweli na lilistahili kuchunguzwa kwa nguvu zote. Wenye kelele za mara tatu walizigawa shutuma kwa halmashauri 380, na hivyo wakapunguza uzito wa shutuma moja waliyokuwa na haki ya kuitoa.